Kisanduku cha Mbuzi

Mwaka wa tatu wa shahada nimepangiwa Ibra,
chumba cha mwisho, baada ya stoo ya madawati mabovu.
Kiyoyozi kinakohoa kuliko wanafunzi.
Mlangoni wamebandika: Matatizo ya Matamshi na Lugha.
Azzan, miaka sita, hupita chini ya maneno hayo kila asubuhi
akiburuta mkoba. Hajui kuyasoma. Hayamhusu.

K yake imehamia mbele ya kinywa.
Kuku ni tutu. Kaka ni tata.
Kitabu, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, ni titabu,
kosa moja linalolia sahani mbili.
Jina lake la kitaalamu nimelikariri usiku hosteli,
chai ya maziwa imeganda utando,
na mtihani ukanipa tisini na moja.
Jina lile halijapata kumfanya mtoto yeyote aseme kuku.

Basi tunalala chali juu ya zulia, mimi na yeye,
tukitazama dari, ulimi uchoke, uteleze nyuma wenyewe.
Tunasukutua maji, tunaguruma kama pampu ya kisima.
"Sikia," namwambia, "hapo ndipo K inapolala. Iamshe taratibu."
Anaguruma, anacheka, anapaliwa, ananilowesha shela.
K haiamki.

Leo ni kupima.
Kadi sitini, zimechorwa na mtu wa nchi ya baridi.
Theluji: anaikagua. "Chumvi."
Kindi juu ya mti: ananitazama kama niliyemtania mkubwa.
Kisha mbuzi, ndevu na pembe,
na Azzan, aliyelelewa na bibi mzaliwa wa Wete,
bibi anayeuza hina soko la wanawake kila Jumatano
na kumkaripia kwa Kiswahili kitupu,
anasema bila kusita: "Mbuzi."

Midomo imefunga vizuri pale penye mb.
Z imenyooka kama uzi wa kanzu.
Hakuna sauti iliyotoka bila viatu.
Lakini fomu inataka neno la Kiarabu,
na kisanduku cha lugha ya bibi hakikuchorwa.

Mimi nami niliwahi kuwa sifuri.
Darasa la pili, ain yangu ilitoka laini, a ya jikoni kwetu,
mwalimu akaandika barua: binti ana tatizo la ulimi.
Mama aliisoma mara mbili, akaikunja mara nne,
akaiweka chini ya birika la kahawa isiunguze meza.
Ilikaa hapo mpaka wino ukaota duara.

Ningependa kusema hapo nikaichana fomu.
Sikuichana.
Akipata chini ya thelathini, wanampa saa mbili zangu kwa wiki;
akizidi, anarudi kundini na tutu wake,
wenzake wamcheke mpaka ajifunze kunyamaza.
Mbuzi huyu mmoja ndiye mpaka.
Nikimwandikia haki yake, namnyima msaada.
Nikimpa msaada, nimemzulia uongo
na kuutia sahihi: Shinuna, mwanafunzi wa mwaka wa tatu.
Ustadha Buthaina hakutufundisha ukurasa huu.
Au alifundisha siku niliyokuwa na homa.

Nachukua penseli, si kalamu.
Sifuri ya Kiarabu ni kinukta tu,
unaweza kukidhania kuwa uchafu wa karatasi.
Nakiweka.

Azzan ameinama juu ya mkono wangu, pumzi yake ina harufu ya tende.
"Umeandita nini?"
"Mbuzi."
"Yuto wapi?"
Nashindwa kumjibu. Nakizungushia kile kinukta kichwa,
kinageuka jicho. Nachora pembe, ndevu, tumbo,
miguu inatoka nje ya kisanduku, inakanyaga kisanduku cha kindi,
na fomu ya serikali imeharibika hivihivi naiona.
Azzan anachunguza kazi yangu kwa muda mrefu,
kidole mdomoni, mtahini mkali.
"Mwalimu," anasema, "mbona hana mtia?"

Namchorea.